Kipya Kinyemi

Saa nne usiku, Tartu. Barafu imeshika reli za roshani
nami nimekaa sakafuni kama mtu anayeuguza mbwa,
kompyuta mapajani. Inawaka. Nembo. Kiduara
kinazunguka mara tatu, mara nne,
halafu giza, halafu nembo tena.
Ndivyo ilivyo tangu alasiri, tangu iliponiuliza
kama nautaka mfumo mpya, nikajibu ndiyo
bila hata kuvua glavu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ya kijinga nimeshayafanya yote:
nimechomoa betri, nimepuliza matundu,
nimebonyeza kitufe kwa kidole cha upole, kisha cha hasira.
Humo ndani mna vipimo vya miaka kumi na mmoja,
visima themanini vya kinamasini,
kila kimoja nimekifikia kwa buti zangu.
Ripoti wanaitaka kesho saa tatu.

Nikampigia mama, Võru.
Ana miaka themanini na mmoja. Ujanani
alilisha kadi zenye matundu mashine kubwa kama chumba,
na wasichana wa zamu ya usiku
walikausha soksi juu yake.

"Imekufa," nikamwambia.
"Imekufa ni neno la daktari. Wewe unaona nini?"
"Giza."
"Na kabla ya giza?"
"Maandishi. Yanapita kama panya."
"Basi mtege panya."

Nikayarekodi kwa simu ileile aliyokuwa akipumua ndani yake,
nikairudisha video polepole, picha kwa picha,
hadi mstari mmoja ukasimama, ukitetemeka:
mzizi wa diski hauonekani;
kiini kimeingiwa na taharuki.
Nikacheka. Mama hakucheka.

"Nini kimebadilika?"
"Mfumo."
"Na nini hakijabadilika?"

Nikatazama dirishani.
Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Washa. Shikilia kitufe. Ukiona orodha, teremka."
Nikateremka. Vilikuwa kumi na vinne,
viini vya kila sasisho tangu niinunue mnadani,
vimepangana gizani kama mitungi ya matango
katika ghala lake la chini, ambayo hata baba
hakuruhusiwa kuigusa.
Nikachagua cha pili kutoka juu.

Ikawaka.
Picha yangu ileile: kinamasi, Oktoba,
kivuli changu kimeshika fimbo ya kupimia.

"Usishangilie. Pima nafasi."
Ile sehemu ndogo ya kuwashia: asilimia mia.
Imejaa pomoni.
Kumbe kile kipya kilifika na mizigo yake
kikakuta kila kiti kina mgeni;
kikaandikwa nusu, nusu ikabaki nje kwenye baridi.
Nami mchana kutwa nilikuwa nikikilaani.

"Futa," akasema.
"Vyote?"
"Mpumbavu we, Maarika. Bakiza kilichokufikisha hapa."

Nikafuta. Nilisoma namba moja moja kwa sauti
naye akiitikia "aha", "aha",
ila kwenye ile ya tano akakawia, sijui kwa nini,
akasema, "Haya, nayo."
Kisha nikakijenga kipya upya. Asilimia zilipanda
kama bibi anayepanda ngazi akipumzika kila ghorofa.

"Sasa zima. Washa. Uniweke karibu na feni."

Nikailaza simu juu ya kibodi.
Tukasikiliza, yeye kule, mimi huku,
kilomita sabini za misonobari katikati.
Feni ikakohoa, ikavuta pumzi, ikaivuta tena.
"Hiyo inakwenda," akasema,
na mimi nilikuwa bado naona giza tupu.

Hakukata simu. Nikasikia ngazi za mbao zikilia,
swichi ya taa, kisha kioo kikigusa kioo.
"Mama, uko ghalani saa hizi?"
Kimya. Karatasi kuukuu ikikwaruzwa kwa ukucha.
"Themanini na tisa," akasoma.
"Hii bado nzuri."