Kilo Tisini na Mbili

Arobaini imekwisha, masufuria ya watu yamerudishwa,
majani yamefika magotini chini ya mikorosho,
na trekta dogo la Baba halitaki.
Si kwamba linakohoa. Si kwamba linazimika.
Unazungusha ufunguo, unasikia ufunguo tu.

Mjomba Nang'olo alikuja kutoka Naipanga,
akaweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa,
akasema: hiki chuma kina mwenyewe.
Shangazi Somoe akaongeza: lisomewe.
Kaka yangu Hashiru alikuwa keshapata mteja
wa chuma chakavu, Nachingwea mjini,
anayenunua kwa kilo.

Nikaomba siku mbili na balbu ya pikipiki.

Nilianza na betri, kwa kuwa Baba alianza na betri.
Vichwa vyake vimeota ukungu, mweupe na kijani,
kama mkate wa wiki iliyopita.
Maji ya moto, magadi, mswaki mkuukuu.
Kimya.
Waya wa athi, pale unapoishika fremu,
kutu imeutafuna, zimebaki nyuzi nne.
Nikaweka mwingine, nikakwangua chuma mpaka kikacheka.
Kimya.
Fyuzi nzima. Niliilaani kwa uzima wake.

Jua likapanda. Mama akaleta ming'oko na chai,
akakaa juu ya ndoo, hakuuliza.
Ana namna ya kutouliza inayokufanya ujibu.
Nikamwambia: sasa nalidanganya.
Nikachukua bisibisi, ile yenye alama za meno ya Baba kwenye mpini
(aliing'ata mikono yote miwili ilipokuwa kazini),
nikagusisha boliti mbili za selenoidi:
cheche ya buluu, stata ikazunguka,
kuku wakatawanyika.
Kumbe nguvu zipo.
Neno ndilo halifiki.

Umeme hauna siri, alikuwa akisema, una njia.
Ufuate kama mbuzi aliyekata kamba,
uliza kila mlango: amepita hapa?
Nikauliza kwa balbu.
Kwenye swichi ya ufunguo: amepita.
Kwenye klachi, ukikanyaga mpaka chini: amepita.
Chini ya kiti, upande wa kuingilia: amepita.
Upande wa kutokea, giza.

Kuna kidude pale, kidogo kama kete ya bao,
springi na vibati viwili,
kiliwekwa ili dereva akianguka visu visimfyeke.
Ukikaa kinabonyea, umeme unavuka.
Kutu imekitia ukaidi.
Nikikaa mimi, hakikubali.
Akikaa Hashiru, na mkanda wake wa tundu la mwisho, hakikubali.
Baba alikuwa kilo tisini na mbili.
Tulimpima kwenye mizani ya ghalani, ya magunia ya korosho,
akicheka mpaka mshale ukakosa pa kusimama,
msimu ule stakabadhi zilipolipa vizuri.

Mama, njoo ukae na mimi.
Akakunja kanga, akapanda, akanikalia mapajani,
mtu mzima juu ya bintiye.
Nikazungusha ufunguo.

Moshi wa kwanza ulitoka mweusi, ukanuka mwaka jana.
Hatukusema kitu. Tulitetemeka pamoja na kile kiti
mpaka injini ikapata joto.

Ningeweza kuziunganisha zile nyaya moja kwa moja,
dakika tatu, kama wafanyavyo mafundi wa stendi.
Ila Baba alizikwa na vidole tisa vya miguu
na kisa cha trekta aliloendesha kabla ya hili.
Nikakifungua kile kidude, nikavipiga msasa vibati vyake,
nikatia grisi kidogo, nikakirudisha.

Sasa linawaka kwa yeyote.
Mtoto wa Hashiru, miaka kumi, alipanda juzi,
akakaa tu, mkono ukaufuata ufunguo.
Nimeuhamishia kwenye msumari, kando ya kofia.
Mama hajapanda tena.

Yule wa chuma chakavu alipita na mizani begani.
Nikamuuzia waya wa athi ulioliwa.
Gramu mia mbili. Akalipa.