Zizi la Barka

Walikuja jioni moja.
Mmoja akainama mlangoni, wa pili akainama vilevile,
na Haroub, mweka alama, akasema bila kuinua kichwa:
"Mafahali wawili. Lililobaki mnalijua."

Tulilijua. Barka nzima inalijua,
kwani hapa fahali si methali:
Ijumaa alasiri huletwa kwa pikapu,
kamba puani, nundu inang'aa mafuta,
wakasukumana paji kwa paji
mpaka mmoja ageuze shingo,
na watu wanakunywa kahawa.

Zahran ana mita mbili na vidole vitatu.
Baba yake ni mfugaji, naye husukuma kama walivyomlea:
kwa mgongo, polepole, anakutafuta kwa nyonga,
na akishakupata huna pa kwenda ila ukutani.
Lwitiko ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji,
ametoka Tukuyu kwa mkataba wa miaka miwili,
mikono yake imezidi kila shati alilopewa.
Akiruka, unadhani kuna mtu juu kamwita.

Mimi ndiye mgawaji. Mfupi,
magoti yangu yana miaka arobaini na moja
na swali langu ni lile lile kila siku: nimpe nani?

Wiki ya kwanza sikuwa na pa kupitisha sindano.
Wote wawili chini ya pete, wamesimama
kama makabati mawili chumbani kwa bi harusi:
hufungui hili, lile limebana mlango.
Rebaundi wakanyang'anyana wao kwa wao,
mpira ukatoka nje.
Zahran akatukana kwa Kiarabu,
Lwitiko akajibu kwa Kinyakyusa,
wakanigeukia mimi, nikatafsiri huku na huku:
"Anasema samahani."

Wakaja vijana wa Sib, wadogo, wepesi,
wanatupa kutoka mbali kama wanaotupa kokwa za tende.
Zahran akavutwa nje mpaka kwenye mstari wa tatu.
Kila mara anafika mpira umeshapaa,
kama mtu wa kuhani siku ya nne.
Haroub akageuza ubao ili nisome vizuri.
Sikutaka kusoma.

Robo ya mwisho, Lwitiko hakushuka chini.
Alisimama kwenye mstari wa adhabu, mikono kiunoni,
kinywa wazi. Haikuwa mbinu.
Hakuwa amelala tangu juzi.
Lakini anayemlinda alimfuata pale,
na chini ya pete, kwa mara ya kwanza,
nikaona sakafu. Rangi yake ni buluu. Sikuwa nikijua.

Nikampa Lwitiko. Hakudunda hata mara moja,
aliudondosha tu juu ya vichwa vyao, kama anayempa jirani chumvi,
na Zahran akageuka, peke yake, na nafasi ya kutandika mkeka.
Tukarudia. Tukarudia tena.
Dakika sita, na wavu haukupata kutulia.

Tulishindwa kwa alama tatu. Niseme tu.

Ijumaa, uwanjani, baba yake Zahran alikuwa na mafahali wake wawili
wamefungwa kwenye kivuli kimoja cha turubai,
wanatafuna majani, hakuna anayemtazama mwenzake.
Lwitiko akauliza: hawa hawagombani?
Mzee akainama, akatuonyesha kamba:
mwisho wa hii na mwisho wa ile,
katikati shibiri moja.
Safari hii nilitafsiri kweli.

Usiku nilirudi ukumbini peke yangu, nikapima kwa miguu
kutoka kwenye mstari mpaka chini ya pete. Mara mbili.
"Na wale wadogo wa Sib wakirudi?" Haroub aliniuliza kesho yake.
"Kule nyuma, nani atawakimbilia?"
Sina jibu la hilo.

Mechi ni Jumanne. Jumatatu Lwitiko ana zamu ya usiku.
Nimemwomba, mchana wake, asilale.