Swali la Kila Saa

Saa tano usiku, Tororo. Mvua imekatika,
mwamba umejifunika ukungu hadi shingoni.
Natoa vijiti vitatu kwenye kasha lake la sponji:
cha kwanza kimebeba tembe ya chuma,
cha pili ya shaba,
cha tatu ya chuma kisichoshika kutu,
ndogo kuliko punje ya mtama.

Kimoja kimoja navibandika kwenye pakiti ya unga wa uji,
napitisha katikati ya lango,
pale ambapo sikio lake ni zito zaidi.
Likisikia, pumzi ya hewa hupiga: paa!
Pakiti huangukia sanduku jekundu lenye kufuli.
Ufunguo uko shingoni mwangu, chini ya koti.

Ni swali ambalo jibu lake ninalo mkononi.
Ndiyo kazi niliyoajiriwa: kuuliza ninachokijua
ili niamini nisichokijua.

Saa nne: paa, paa, paa. Nikatia sahihi.
Saa tano: paa. Paa.

Cha tatu kikapita kimya,
kikasafiri mgongoni mwa pakiti kama mgeni aliyezoeleka
mpaka kwa Nyachwo anayepanga maboksi.
Akakiinua juu. "Hiki si chako?"

Nikarudia. Kimya. Nikageuza pakiti. Kimya.
Nikabonyeza kitufe,
na kelele ya ukumbi mzima ikatulia
kama sufuria iliyoepuliwa.

Oketcho akaja na simu sikioni.
Lori la Moroto linanguruma getini.
"Viwili kati ya vitatu vimekamatwa, dada.
Hicho kidogo hivyo, nani atakiuma?"

Nikamwambia: anayekula huu hana meno.
Ndiyo maana ni uji.

Ofwono fundi akafungua skrini, akakuna kidevu.
Mahindi ya leo yameingia na unyevu;
lango lilikuwa likilialia ovyo,
likitupa pakiti zisizo na kosa,
na mtu, kwa kidole kimoja, akalipunguzia usikivu.
Saa nne na dakika thelathini na mbili.
Skrini imeweka na namba ya siri ya huyo mtu.
Hatukuisoma kwa sauti.
Oketcho akakata simu.

Pakiti mia tisa na kumi na mbili
tukazifunga utepe wa njano.
Ofwono akalirudishia lango masikio yake,
akalifundisha upya harufu ya unga wenye unyevu.
Tukapitisha zote, Nyachwo, mimi,
na Oketcho amekunja mikono ya shati,
mpaka jogoo wa upande wa reli wakawika.

Hakikupatikana kitu.

"Umeona?" akasema, bila hasira, amechoka tu.
Nimeona, nikasema. Saa tano nilikuwa sijaona.

Lori bado linanguruma.
Nafungua kasha la sponji,
nauliza tena.