Kifuniko Kitini

Saa kumi alfajiri Bi Ruan Peizhen anachokora makaa.
Jiko la udongo lina macho saba, na birika saba
zenye masizi ya tangu enzi za mama mkwe
zinaanza kuguna, moja baada ya nyingine,
kama wakewenza walionuniana.

Mlango hauna bawaba. Ni mabao kumi na matatu;
huyachomoa moja moja, akayaegemeza ukutani,
ndipo wanaingia wazee wa kikohozi,
wale ambao usingizi uliwahama
kama mpangaji mwenye deni.
Kila mmoja ana kiti chake cha mwanzi, kila kiti na mlio wake.
Bi Ruan humtambua mtu kwa mlio,
hana haja ya kugeuka.

Humu ndani hakuna anayeita. Vifuniko ndivyo husema.
Ukikiegemeza kwenye kisahani: niongeze maji.
Ukikipindua ndani ya bakuli: nimetosheka, ondoa.
Ukikiacha kitini: natoka kidogo,
mtu asikalie hapo,
narudi.

Miao, fundi wa kufuli, alikiacha kitini
siku barafu ilipoziba bomba la mtaa.
Alikwenda kununua betri za redio.
Asumini ikapoa bakulini, ikawa na utando.
Siku ya tisa akaja mwanawe, kitambaa cheusi mkononi,
kulipa bakuli kumi na nane zilizoandikwa kwa chaki.
Bi Ruan alihesabu hela, akarudisha chenji,
akafuta chaki kwa kiganja.
Kifuniko hakukigusa.

Mwezi wa tatu kijana mmoja alipita na ndoo ya rangi nyekundu
akaandika herufi moja ukutani, ndani ya duara,
pana kuliko mlango.
Nikauliza inasomekaje. Wakaniambia: *chai*.
Nami, mwenye Kiswahili mdomoni, nikacheka kama zuzu,
nikadhani ni tangazo la biashara.
Kumbe chai, kwao, ni *bomoa*.
Hii tunayoinywa wao huiita *cha*.
Irabu moja, basi,
kati ya bakuli na tingatinga.

Leo kichochoro ni kifusi huku na huku.
Kwa Bi Ruan pamebaki kama jino la mwisho,
na wavunjaji, kwa kuwa kuna baridi, wameingia kunywa.
Mmoja, kofia ngumu ya njano kwapani,
anavuta kiti cha Miao.

Kiti kinalia.

Bi Ruan anageuka.
Wazee wote wanakohoa kwa pamoja.

Kijana anatazama chini, anaona kifuniko,
ukingo wake umepata vumbi la matofali.
Pengine bibi yake naye alikuwa na mahali kama hapa;
sijui, sikumuuliza.
Alikirudisha kiti taratibu, miguu minne palepale
ilipochimba vishimo sakafuni,
akanywa wima,
na nje mashine ilinguruma tu,
hakuna aliyekumbuka kuizima.