Taarifa ya Saa Moja

Kwa Shikuku kinyozi, Huruma,
runinga imefungiwa katika kizimba cha vyuma
juu ya kioo, kama mahabusu
aliyeruhusiwa kusema.

Saa moja kamili mashine hunyamaza.
Nusu ya kichwa changu upara, nusu ingali msitu,
nasi sote tumeinua videvu.

Mtangazaji ana tai ya buluu.
"Nyumba chache zimebomolewa kando ya mto."

Chache.

Neno linashuka, linakaa vinywani mwetu,
na Obuya, aliyeingia akilia
kwamba ploti nzima imekwenda,
anaanza kuhesabu upya kwa vidole.

"Kumbe si nyingi," mmoja asema.
"Na si walipewa notisi?" mwingine adakia,
kwa sauti ileile ya tai ya buluu.

Vumbi linaingia mlangoni,
latua juu ya taulo, juu ya wembe,
juu ya uso wa mtangazaji.
Shikuku anaufuta kwa kiganja
ili tuone vizuri.

Nje, Kerubo anapita, godoro kichwani,
mtoto kashika pindo la leso.
Hatukugeuza shingo:
tangazo la sabuni lilikuwa limeanza,
nami nilikuwa bado nangoja
nusu ya pili ya kichwa changu.