Mshenga wa Perere

Perere wangu wa kurasa thelathini na mbili,
nimekutia kwenye bahasha ya kaki,
nimekufunga kwa utepe uliobaki kwenye sare za shule,
na sijui nikukabidhi kwa nani.

Kitabu cha mtoto hakijipeleki sokoni.
Ni kama posa, kinataka mshenga:
mtu wa kubisha hodi milango nisiyoijua,
alitaje jina lako bila kulitafuna,
na akipewa mahari
asiile njiani.

Wa kwanza ana ofisi ghorofani, Moshi mjini,
kiti cha kuzunguka, kalenda ya mwaka juzi.
Bwana Gaudensi. Alikupima kwa kiganja
kama mtu anayenunua maini.
"Ada ya kusoma," akasema, "laki na nusu."
Mimi nimewasomea watoto wa watu miaka ishirini na sita,
sijamtoza mtu.
Akacheka, akanisogezea mkataba.
Kifungu cha saba kilikuwa na neno *milele*.
Neno hilo nimelizoea kanisani;
sikuwahi kuliona lina nafasi ya sahihi chini yake.
Nikaomba maji ya kunywa.
Alipokwenda kuyaleta, nikakubeba, tukashuka ngazi.

Wa pili nilimfuata Arusha, kwa nauli ya mkopo wa kikoba.
Kijana msafi, Loishiye, kiatu kinang'aa.
Huyu alikusoma, tusimwonee.
"Hadithi nzuri, mwalimu. Ila perere nani anamjua?
Mgeuze simba. Simba anauzika."
Nikakutazama, wewe usiye na mkia,
wewe mwenye sauti kubwa kuliko kiwiliwili.
Simba, nikamjibu, ana mawakala wengi.

Mvua ilinikuta Boma Ng'ombe.
Nikavua sweta, nikakuvika.

Basi. Nikakupandisha juu ya kabati,
kando ya vyeti na picha ya marehemu.
Miezi minne.
Usiku, nyuma ya migomba yetu huku Kibosho,
perere wa kweli alipanda mti akalia
kama mlango wa zamani unaofunguliwa kwa hasira.
Hana wakala yule.
Kata nzima imemsikia.

Wa tatu nilielekezwa na mpiga chapa wa Kiusa,
aliyekuwa akifuta wino kidoleni, hata hakuinua uso:
"Nenda Rau, muulize Bi Aikaruwa."
Hakuna kibao mlangoni. Nilimkuta anamenya ndizi.
Alinawa kwanza, akajifuta, ndipo akakupokea.
"Niachie siku kumi."

Siku ya kumi, kimya.
Ya kumi na mbili, nikaanza kumtukana moyoni.
Ya kumi na nne, simu:
"Nimechelewa, nisamehe. Nilikuwa namsomea mjukuu.
Ukurasa wa tisa alilala.
Wa kumi na saba akaniambia, Bibi, rudia pale anapolia."

Nikauliza ada.
"Sipati mpaka upate. Kumi na tano kwa mia.
Na usiniamini kwa maneno haya;
kalamu unayo? Andika namba za watatu niliowauzia.
Huyo wa mwisho tuligombana.
Mpigie huyo kwanza."

Nikampigia huyo kwanza.
Akavuta pumzi kama mtu anayetua mzigo.
"Yule mama ana mdomo, dada yangu,
alinikatia sura nzima bila hata pole.
Lakini hesabu zake nilizikagua usiku kucha nikitafuta kosa.
Sikupata hata la shilingi."

Jana nimetia sahihi. Miaka miwili, si milele.
Nakala moja nimejitumia mwenyewe kwa posta,
muhuri wa tarehe juu yake, sitaifungua.
Bi Aikaruwa nilipomwambia alipiga makofi:
"Ungekosa kufanya hivyo ningekushangaa."

Nenda sasa, mwanangu wa manyoya.
Ukurasa wa tisa nimeufuta
(nilikuwa naupenda, nilikuwa nimemweka mama yangu mle).
Ukifika kwa watu, wasikufundishe kunguruma.
Lia hivyo hivyo.