Kilo Mia na Arobaini

Urefu: sentimita mia nne themanini na nne.
Upana: mia moja themanini na nane.
Kimo: mia mbili na kumi.
Mafuta: petroli.
Usajili wa kwanza: Heisei ya kumi na tisa,
ambayo naigeuza elfu mbili na saba
ili huko liendako waelewe.
Rangi haina kisanduku,
kwa hiyo mbele ya forodha gari hili halina rangi,
ingawa pale nje, chini ya theluji ya Fushiki,
linang'ang'ania kuwa la samawati.

Miaka kumi na saba najaza fomu hizi.
Nambari ya chasisi naisoma herufi kwa herufi
kama mtu apapasaye ngazi gizani,
maana sifuri ikivaa sura ya O
meli huondoka, gari hubaki,
na Bwana Rafaqat mwenye yadi hunipigia simu
kwa Kijapani chake kilichojaa radhi:
"Bi Murosaki, samahani, samahani, nimekwisha."

Leo si herufi. Leo ni uzito.
Cheti kinasema kilo elfu moja mia nane sitini.
Mizani ya bandari: elfu moja mia saba ishirini.
Afisa Hamaguchi, kijana, kola imenyooka,
ameizungushia tofauti wino mwekundu
na pembeni ameandika:
Zimekwenda wapi?

Nikatoka na koti langu. Gurudumu la akiba lipo.
Jeki ipo. Milango yote ipo na inafunga.
Nikarudi kwenye cheti, mstari wa umbo la gari,
maandishi madogo kama mbegu za ufuta:
lenye kifaa cha kupandishia kiti cha magurudumu.

Nikampigia aliyekuwa mwenye gari,
Tokuji Yashiki, mkazi wa Himi, miaka themanini na mmoja.
Simu iliita hata nikaanza kuhesabu.
"Lifti," akasema. "Boliti nilizifungua mwenyewe.
Siku tatu. Chumvi ya barabarani ilikuwa imezila.
Gari nimeuza. Hiyo sikuuza."
Nikauliza iko wapi, kwa kuwa fomu inauliza.
"Ghalani, kando ya mapipa ya miso.
Nimeiunga betri.
Asubuhi naibonyeza, inapanda.
Naibonyeza, inashuka."
Akanyamaza. Nami sikumuuliza nani.
Kisha, nadhani ili nimwamini,
akaisogeza simu karibu nayo
nikasikia mota ikikoroma, ikipanda,
ikasita juu, mahali pa mlango usiokuwapo,
ikashuka taratibu
kama inavyoshuka ikiwa na mtu.

Sababu ya tofauti: kisanduku cha sentimita tatu.
Nikaandika, Kifaa kimeondolewa.
Nikafuta. Nikaandika tena,
Kifaa kimeondolewa na mwenyewe. Kiko nyumbani.

Hamaguchi akasoma mara mbili.
"Hii sentensi ya pili," akasema, "forodha haiihitaji."
"Uliuliza zimekwenda wapi."
Akautazama wino wake mwenyewe,
akapekua droo kutafuta muhuri
uliokuwa mezani mbele yake muda wote.

Saa tisa Rafaqat akaja na plagi za mpira.
Akapiga magoti ndani ya gari, huku akipuliza vidole,
akaziba mashimo manane sakafuni, moja moja.
"Mnunuzi yuko Ulaanbaatar," akasema. "Vumbi la huko
likiingia gari halitoki, wala lawama."
La nane lilikuwa limepanuka, plagi ikadondoka chini kwenye theluji.
Akavua glavu, akatafuta,
akakosa,
akaliziba kwa gundi na kipande cha kadibodi.

Nikasimama naye pale hadi gundi ikauke.
Kwa baridi ile, ilichelewa.